Komedi ya Kitamil sebuleni: namna ya kuiangalia na familia nzima bila kicheko kuchelewa

NahodhaMkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya komedi za Kitamil yanajirudia kila mara kwenye nyuzi za filamu za Kihindi, halafu majibu yanazikwa na ubishi wa nani mkali kati ya huyu na yule. Humu tubaki na jambo moja: kuangalia komedi ya Kitamil na watu wa nyumbani, wa rika zote, na wote wacheke kwa pamoja. Mmoja anacheka peke yake kwa kuwa amesoma haraka, bibi anauliza "kasemaje?" wakati wenzake washamaliza kucheka. Huo ndio ugonjwa tunaoutafutia dawa.

Kwanza, Kitamil si Kihindi. Ni lugha ya ukoo wa Kidravidi, inazungumzwa Tamil Nadu, Puducherry, kaskazini na mashariki mwa Sri Lanka, hadi Singapore na Malaysia. Filamu zake zimezaliwa Chennai, mtaa wa Kodambakkam, ndiyo maana watu wakasema Kollywood. Faili nyingi zinazozunguka kwa jina la "muvi ya Kihindi ya kusini" ni za Kitamil au Kitelugu zilizobandikwa sauti za Kihindi. Kwa filamu ya ngumi haidhuru. Kwa komedi umenunua muwa uliokwisha kukamuliwa.

Pili, jueni mnachokichagua. Filamu nyingi za miaka ya 1980 hadi 2000 zilikuwa na wachekeshaji wenye mkondo wao pembeni ya hadithi kuu, wakati mwingine hata mwandishi wao. Goundamani na Senthil, kwa mfano, waliandikiwa vichekesho vingi na A. Veerappan. Kwa hiyo unaweza kupata filamu ya saa mbili na nusu yenye kilio, kisasi na mapanga, ndani yake mna nusu saa tu ya vichekesho. Ukitumiwa kipande cha dakika tatu ukavunjika mbavu, usidhani filamu nzima iko hivyo. Kwa familia tafuta ile ambayo hadithi yenyewe ndiyo komedi.

Chochea_Kuni

Uzi wa maana. Sasa kwa nyumba iliyozoea za Kihindi tu, ianze na ipi?

MzeeWaRimoti

Anza na hadithi ambayo nyumba inaijua tayari. Mtu akijua kisa, macho yanapata nafasi ya kuangalia sura za waigizaji badala ya kukimbizana na maandishi.

Waliocheka na Chachi 420 ya 1997, Kamal Haasan akijigeuza yaya wa kike ili awe karibu na mwanawe, wawekee Avvai Shanmugi ya 1996. Ni yeye yule, na ya Kitamil ndiyo iliyotangulia. Walioijua Munna Bhai M.B.B.S. ya 2003 wapeni Vasool Raja MBBS ya 2004. Bhool Bhulaiyaa ya 2007 na Chandramukhi ya 2005 ni ndugu, zote zimetokana na filamu moja ya Kimalayalam ya 1993. Ila hiyo Chandramukhi ina mambo ya pepo, na nusu ya pili si ya kuangalia usiku na mtoto wa miaka 6, atalala katikati yenu wiki nzima.

Ngazi ya pili ni Thillu Mullu ya 1981, Rajinikanth. Bosi anaamini mwanamume asiye na masharubu hafai kazi. Kijana anayo, anaajiriwa. Kisha anaonwa kwenye mpira wakati alipaswa kuwa kwenye shida ya nyumbani, inabidi abuni pacha asiye na masharubu. Kisa kinaeleweka hata ukizima sauti, maana siri yote imekaa chini ya pua. Wanaoijua Gol Maal ya 1979 wataitambua papo hapo.

Ya tatu, Michael Madana Kama Rajan ya 1990: Kamal Haasan mara nne, mapacha wanne waliotenganishwa utotoni. Mazungumzo ni ya Crazy Mohan, na huyo anacheza na maneno hadi mtafsiri anakata tamaa, ila filamu ina mengi ya macho tupu. Samaki anaponyoka anatumbukia kwenye sufuria la sambar (mchuzi wao wa dengu na mboga), na hiyo ni karamu ya harusi ya Wabrahmin wasiogusa samaki wala nyama. Mwisho wote wako kwenye nyumba iliyoning'inia ukingoni mwa genge la mlima, kila anayesogea inaegemea upande wake. Mtoto wa miaka mitano haulizi swali hapo.

Za karibuni, Naduvula Konjam Pakkatha Kaanom ya 2012. Bwana harusi anadaka mpira wa kriketi, anaanguka kisogo, anasahau mwaka mzima akiwemo bibi harusi mwenyewe. Rafiki zake watatu wanamficha hadi harusi ipite. Anarudia sentensi zilezile chache mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ukizielewa mara ya kwanza umezielewa zote. Kwa sebule isiyojua lugha, filamu ya marudio kama hii ni mtaji.

Mandela ya 2021, ya Yogi Babu, ni ya watu wazima wa nyumbani: kinyozi anayedharauliwa na kijiji kizima, pande mbili zina kura sawa, yake ndiyo ya kuamua. Huku kwetu hiyo haihitaji maelezo.

BintiMwambao

Sabtaito nyingi (maandishi ya tafsiri chini ya picha) zinazopatikana ni za Kiingereza, na Kiingereza ndicho kinachoua komedi hizi kuliko kitu chochote. Sababu ni majina ya undugu. Kiingereza kina "uncle" mmoja, Kitamil kina wengi, na utani wote umepangwa juu ya nani ni nani. Kiswahili kinalingana na Kitamil karibu neno kwa neno, tuna bahati hiyo na hatuitumii:

periyappa ni baba mkubwa, chithappa ni baba mdogo
periyamma ni mama mkubwa, chithi ni mama mdogo
athai ni shangazi, maama ni mjomba
anna ni kaka (aliyekuzidi umri), akka ni dada (aliyekuzidi), thambi na thangachi ni wadogo zako

Waambieni watoto mapema kuhusu hilo "maama", maana watashangaa mwanamume mwenye masharubu anaitwa mama. Mama wenyewe ni "amma".

Athai na maama vilevile ni mama mkwe na baba mkwe, kwa sababu kwa desturi yao mtoto wa mjomba au wa shangazi anaoleka. Mtoto wa baba mkubwa au wa mama mdogo haoleki, huyo ni ndugu yako kabisa. Basi kijana akianza kumchangamkia binti wa mjomba wake mbele ya wazee na hakuna anayeshtuka, si upungufu wa adabu, binamu huyo ndiye mchumba wa kwanza kufikiriwa. Usipolisema hili kabla, nusu ya sebule itakuwa inanong'ona badala ya kuangalia.

Halafu "machan". Sabtaito zinaandika "dude". Machan ni binamu wa upande huo wa kuoana, ni shemeji, na kwa kupanuka ni rafiki wa damu. Ni upande wa utani, kama tunavyojua sisi utani wa mabinamu na mashemeji, unaweza kumtukania kofia yake akacheka. Upande wa periyappa ni wa heshima, hutanii. Mwandishi wa komedi anapomfanya mtu amtanie asiyetaniwa, hapo ndipo kichekesho kilipo, na neno lililokibeba ni hilo moja tu. Andika "shemeji" au "binamu", utaona.

Kitu cha pili ni heshima ndani ya kitenzi. "Vaa" ni njoo, "vaanga" ni njoo kwa heshima. Mtumishi anaanza ugomvi na "vaanga", dakika moja baadaye anasema "vaa da", na "da" hiyo ni ya kumwambia mdogo wako au mwenzako wa kijiweni. Kiswahili hakina kiambishi hicho, lakini kina njia yake: aanze na "karibu mzee wangu", amalizie na "we mzee, njoo hapa". Watu watasikia ngazi ilivyoanguka.

Lahaja ndiyo ngumu zaidi. Imsai Arasan 23am Pulikesi ya 2006 inachekesha kwa sababu mfalme mjinga, anayeigizwa na mchekeshaji Vadivelu, anatumia Kitamil cha ikulu cha filamu za zamani, kile cha vitabuni, kisha anateleza. Mshairi anamsifu kwa beti za maana mbili, mfalme anafurahi huku anatukanwa. Hapo tumia Kiswahili cha tenzi, "ewe mfalme mtukufu", halafu mkate ghafla kwa neno la mtaani. Ila msimpe mhusika lafudhi ya kabila fulani la hapa nyumbani. Kicheko kitahama kutoka kwenye filamu kitaenda kumkalia mgeni aliyeko kwenye kochi.

Kaptura

Mnajichosha bure. Weka ile ya sauti za Kihindi, bibi anasikia Kihindi kidogo cha filamu, mchezo umekwisha.

BintiMwambao

Kaptura, kwenye dabo ya Kihindi lahaja zote zinakuwa moja. Mpishi wa Palakkad kule Kerala na jambazi wa Chennai wanaongea sawasawa. Tena dabo nyingi za runinga zimepunguzwa urefu, na cha kwanza kukatwa ni mkondo wa wachekeshaji, kwa sababu hausukumi hadithi. Unabaki na ngumi na nyimbo. Kama ndizo mnazotaka, sawa.

FundiFremu

Nichukue upande wa sabtaito kiufundi, maana hapa ndipo jioni nyingi zinaharibikia.

Kabla familia haijakaa, fungua faili kwenye VLC (programu ya kuchezea video) uangalie sehemu mbili tu: sentensi ya kwanza kusemwa, na sentensi yoyote ndani ya dakika kumi za mwisho. Kuna magonjwa matatu na kila moja lina dalili yake.

La kwanza: maandishi yamechelewa au yamewahi kwa kiasi kilekile mwanzo na mwisho. Bonyeza H kuyachelewesha, G kuyawahisha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo sekunde moja ni mibonyezo 20. J na K ni za sauti, usizichanganye, utaharibu midomo.

La pili: mwanzo ni sawa, kadiri filamu inavyoendelea pengo linapanuka. Hiyo ni kasi ya fremu. Sabtaito imetengenezwa kwa nakala ya fremu 25 kwa sekunde, wewe una ya 23.976. Pengo ni karibu asilimia 4: dakika ya 10 maandishi yamewahi kwa sekunde 25 hivi, mwisho wa filamu ya dakika 150 yamewahi kwa dakika 6. G na H hazitibu hili, utabonyeza usiku kucha. Fungua programu ya Subtitle Edit, menyu ya Synchronization, Change frame rate, weka kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi.

La tatu ndilo la filamu za India hasa: kila kitu kiko sawa hadi dakika ya 52, ghafla yanaruka kwa dakika nne, kisha pengo linabaki hapohapo. Wimbo umekatwa. Ama nakala yako haina wimbo ambao sabtaito inao, ama kinyume chake. Chagua mistari yote kuanzia pale iliporuka, isogeze kwa pamoja kwa urefu wa wimbo, kisha tafuta mruko mwingine. Filamu ikiwa na nyimbo tano inaweza kuruka mara tano, ila kwa kawaida ni mara moja au mbili.

Ukipeleka kwenye runinga kwa flashi: jina la faili la sabtaito liwe sawa na la filamu herufi kwa herufi, folda moja, na uhifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). Runinga nyingi za zamani hazina herufi za Kitamil, zitatoa viboksi, hilo halina dawa zaidi ya kutumia kompyuta. Kiswahili hakina shida hiyo ila sehemu moja: ng'. Ukiandika kwenye simu, simu inageuza alama hiyo kuwa ile iliyopinda, na runinga isiyosoma UTF-8 itaandika ngâ€™ombe. Tumia alama iliyonyooka.

Na lingine. Filamu za India za miaka ya karibuni zina onyo la sigara na pombe pembeni chini ya picha kila mhusika anapowasha au kunywa. Limekaa palepale penye sabtaito. Pandisha maandishi yako kidogo kwenye mipangilio ya VLC, la sivyo kila eneo la baa halisomeki.

Chochea_Kuni

FundiFremu, na anayetaka kuandika sabtaito yake ya Kiswahili kutoka ya Kiingereza? Mistari inakuwa mirefu mno.

FundiFremu

Inakuwa mirefu kwa sababu unatafsiri maneno. Tafsiri tendo. Kipimo: herufi zisizidi 42 kwa mstari, mistari miwili tu, na msomaji wa kawaida apewe herufi 15 kwa sekunde. Vadivelu akilalamika kwa sekunde mbili, una herufi 30. "Nimekwisha, mbavu zangu jamani" imetosha, na bado ana nafasi ya kuangalia uso wake, ambao ndio ulilipiwa tiketi.

Sheria ya komedi inayovunjwa zaidi: jibu lisionekane kabla halijasemwa. Sabtaito ya Kiingereza mara nyingi inaweka swali na jibu kwenye kisanduku kimoja, juu na chini. Wanaosoma haraka wanacheka kabla ya mwigizaji kufungua mdomo, wanaosoma taratibu wanakosa vyote viwili. Pasua. Swali kisanduku chake, jibu kisanduku chake, na jibu lianze pamoja na sauti, si hata robo sekunde mapema. Kama kuna kimya kabla ya jibu, skrini iwe tupu wakati wa kimya hicho. Kimya ni sehemu ya kichekesho.

Mfano wa kufanyia mazoezi ni eneo la ndizi la Karakattakaran ya 1989, pengine ndilo kichekesho kinachojulikana kuliko vyote Tamil Nadu. Goundamani ametuma anunuliwe ndizi mbili. Senthil analeta moja, nyingine ameila. Anaulizwa ile nyingine iko wapi, anajibu kwamba ile ndiyo hii. Kiingereza kinahangaika hapo. Kiswahili kinateleza:

"Nilikwambia ndizi ngapi?"
"Mbili, kaka."
"Moja hii. Ile nyingine iko wapi?"
(tupu)
"Ile ndiyo hii, kaka."

Visanduku vitano, cha nne hakina kitu. Na ona "kaka": likidondoka, utani unapungua nusu, kwa sababu Senthil anamvuruga mkubwa wake huku anamheshimu. "Ndizi" yenyewe haibadiliki umoja na wingi, hivyo yule anayehesabu anabaki na "moja" na "mbili" tu za kushikilia. Kama vile eneo liliandikwa kwa Kiswahili.

MzeeWaRimoti

Hapo kwenye ndizi nakuunga mkono. Lingine linalotafsirika bure ni la mchekeshaji Soori kwenye Vennila Kabadi Kuzhu ya 2009: dau la kula parotta 50 hotelini, mwenye hoteli anapiga mistari ubaoni, yanatokea mabishano ya hesabu, na mlaji anasema futeni mistari yote naanza upya. Parotta ni chapati ya tabaka tabaka. Hakuna mtu wa Mombasa wala Tanga atakayeuliza. Filamu yenyewe lakini ni ya mchezo wa kabadi na mwisho wake ni mzito, usiwaahidi watoto komedi.

MamaKadhi

Mmesahau la adabu, na nyumba yenye wakwe hilo ndilo la kwanza.

Cheti cha bodi ya ukaguzi wa filamu ya India kinaonyeshwa mwanzoni kabisa: U ni ya wote, A ni ya watu wazima, na katikati ni UA, ambayo tangu 2024 imegawanywa kuwa UA 7+, UA 13+ na UA 16+. Filamu za zamani zina UA tupu, bila ngazi hizo tatu za umri. Lakini msitegemee U peke yake. Bodi inaangalia zaidi picha na matusi ya wazi. Maneno ya maana mbili, wanayaita irattai artham, yanapita. Hata "maama" aliyotaja BintiMwambao, mtaani lina maana ya kuwadi. Sauti ikizimika nusu sekunde katikati ya sentensi, faili halina kasoro, ni neno lililonyamazishwa. Watoto watauliza ni neno gani, kuweni na jibu.

Yanayosumbua zaidi komedi za miaka ya 1980 na 1990 ni kucheka weusi wa ngozi, unene, upara, na watu wa jinsia isiyoeleweka. Goundamani anampiga Senthil mateke na kumwita majina kuhusu umbo la kichwa, filamu baada ya filamu. Mbele ya mtoto mweusi wa Kiafrika, kichekesho cha "bibi harusi ni mweusi" hakihitaji maelezo, kinahitaji rimoti. Angalieni peke yenu kwanza, kwa kasi ya mara moja na nusu, muandike dakika za kuruka. Filamu ya saa mbili na nusu inachukua saa moja na dakika arobaini. Panchathanthiram ya 2002 ina vichekesho vikali vya Crazy Mohan lakini kisa kinamzunguka kahaba na maiti, si ya kukaa na baba mkwe. Kolamaavu Kokila ya 2018 ni dada anayebeba dawa za kulevya, inachekesha, ila mjue mnachoweka.

Kaptura

Na sauti? Mazungumzo hayasikiki, muziki unapasua masikio.

FundiFremu

Faili lina sauti ya njia sita, 5.1, na mazungumzo yako kwenye njia ya katikati. Runinga yenye spika mbili inazikunja zote pamoja na maneno yanazama. Kama faili lina sauti ya pili ya stirio, chagua hiyo. Kama haina, kwenye VLC fungua vichujio vya sauti uwashe Compressor, au kwenye runinga tafuta modi ya usiku au ya mazungumzo. Usiongeze besi. Goundamani anaongea kwa sauti ya juu ya ukali, ukimzidishia besi anakuwa mngurumo.

Nazi_Mbili

Vitafunwa navyo vina ufundi wake hapa. Murukku na krispi ni adui, watu sita wakitafuna hakuna atakayesikia kitu. Pikeni sundal, ndiyo inayouzwa ufukweni Marina pale Chennai, laini na haina kelele.

Kwa watu sita: dengu (zile za chickpeas) vikombe 2, loweka saa 8. Chemsha na chumvi kijiko kimoja cha chai, dakika 20 kwenye presha au saa nzima kwenye sufuria, hadi iminyike kwa vidole bila kuvunjika. Chuja kabisa, maji yakibaki inakuwa mchuzi. Mafuta vijiko 2 vya chakula, haradali kijiko 1 cha chai, subiri iache kupasuka lakini isiwe nyeusi, ikiungua ni chungu na hakuna kurudi nyuma. Pilipili kavu 2, majani ya kari 10, mvuje kwa ncha ya kisu. Mimina dengu, geuza dakika 2, epua. Nazi iliyokunwa nusu kikombe inaingia moto ukishazimwa, kisha ndimu. Nazi ikiingia mapema inakauka na kutoa mafuta.

Wakati wa kula ni maandishi ya mapumziko, yapo ndani ya filamu yenyewe, kati ya dakika ya 70 na 85. Msimamishe hapo. Filamu imejengwa kwa ajili ya kusimama hapo, kabla yake pana tukio la kushtua makusudi.

NahodhaMkavu

Limebaki la bibi asiyesoma sabtaito, na watoto wa chini ya miaka saba. Hawa wanahitaji mtu wa kuwasimulia, na huku kwetu kazi hiyo ina mabingwa: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, VJ Jingo kwa Uganda. Sikilizeni wanavyofanya. Hawatafsiri kila neno. Wanampa mhusika jina la kukumbukika, wanasema yuko katika hali gani, kisha wananyamaza pale picha inapojitosheleza.

Kwa nyumbani, msimulizi awe mmoja. Wawili wakisimulia wanashindana. Akae nyuma ya bibi kidogo, upande wa sikio lake zuri, si kati yake na skrini. Awe ameshaiona filamu. Kabla ya kuanza atoe dakika mbili za utangulizi: nani ni mjomba wa nani, nani anamdai nani, nani anadanganya nini. Majina ya Kitamil yaachwe, "yule mwenye hoteli" na "shemeji mlevi" yanatosha.

Wakati wa kichekesho asimulie swali, asisimulie jibu hadi mwigizaji aseme. Akichelewa, aliache lipite. Kichekesho kinachoelezwa baada ya watu kucheka kinamfanya bibi aone amechekwa yeye.

Chochea_Kuni

Na nyimbo? Kuruka au kuacha?

MzeeWaRimoti

Wa kwanza acha, mara nyingi unamtambulisha mhusika na sabtaito zake hazina umuhimu. Wa pili na wa tatu ndizo nafasi za choo na chai, kila mmoja dakika nne hadi tano. Ila angalia kwanza kama wachekeshaji wamo ndani ya wimbo. Wakiwemo, mtu wa choo asubiri.